Mkuu wa Shule Arudishwe Darasani

Ukimtafuta mkuu wa shule ya sekondari ya serikali saa nne asubuhi, mwezi Novemba, usianzie ofisini kwake. Anzia nyuma ya maabara, kwenye msingi mpya. Huenda ukamkuta na daftari mkononi akihesabu mifuko ya saruji inayoshushwa, huku akibishana na dereva wa lori kuhusu tripu ya mchanga. Simu haitulii. Fundi anataka nondo. Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi yuko msibani, na bila saini yake mzigo haupokelewi. Kwenye kundi la WhatsApp la wakuu wa shule wa halmashauri umeingia ujumbe unaotaka picha za hatua ya ujenzi kabla ya saa sita mchana. Mita hamsini kutoka hapo, Kidato cha Pili B wamekaa bila mwalimu. Kipindi ni cha hesabu, mwalimu hajaingia, na mkuu wa shule hana habari.

Nimeanza na saruji kwa makusudi. Kila tunapojadili ubora wa elimu ya sekondari Tanzania tunataja walimu, vitabu, maabara, mitaala na lugha ya kufundishia, na mkuu wa shule tunamkumbuka mwishoni, matokeo yakiwa mabaya, kama mtu wa kubebeshwa lawama. Mimi namweka mwanzoni. Shule mbili za halmashauri moja, zenye ruzuku ileile, walimu waliotoka vyuo vilevile na watoto wa wakulima walewale, hupishana mno kwa sababu ya mtu mmoja aliyekaa katika ofisi ile. Na mtu huyo, kwa maamuzi mengi madogo yenye nia njema, tumemwondoa taratibu katika kazi iliyompa maana: kujua kinachofundishwa shuleni kwake, nani anakifundisha, na kama watoto wanakielewa.

Tuanze na huo ujenzi. Utaratibu wa fosi akaunti unaipelekea shule fedha moja kwa moja. Shule inanunua vifaa, inatafuta mafundi wa mtaani, na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zinasimamia. Sitaudharau, maana umepunguza gharama na umejenga. Serikali ilipopata mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka IMF mwaka 2021 kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, sehemu yake ilijenga madarasa 12,000 ya sekondari kwa miezi michache tu, na Januari 2022 watoto waliofaulu darasa la saba wakaanza kidato cha kwanza kwa pamoja, bila wengine kuambiwa wasubiri chaguo la pili. Wazazi walifurahi, na mimi nilifurahi.

Lakini waliosimamia kazi ile hawakuwa wahandisi. Walikuwa walimu wa historia, wa baiolojia, wa Kiswahili, ambao kwa miezi kadhaa walijifunza uwiano wa zege kwa kuuliza mafundi, na walijua kwamba bati moja likipotea ni wao watakaoandika maelezo. Mkuu wa wilaya alipita kukagua. Mkuu wa mkoa alipita. Viongozi wa chama walipita. Kila mgeni aliuliza darasa limefika hatua gani, kwa maana ya kuta na paa. Sijasikia aliyeuliza Kidato cha Tatu wamefika mada ya ngapi katika kemia.

Na jengo likikamilika kuna mifumo inayosubiri. Mapato na matumizi yaingizwe kwenye mfumo wa uhasibu wa FFARS, manunuzi yapite NeST, takwimu za wanafunzi na walimu ziende kwenye mifumo yake, usajili wa watahiniwa uende Baraza la Mitihani, NECTA. Kila mfumo ukiutazama peke yake una sababu nzuri. Fedha za umma lazima zionekane zinakwenda wapi. Tatizo ni kwamba shule nyingi za kata hazina mhasibu wala katibu muhtasi. Mwalimu wa masomo ya biashara, kama yupo, anageuzwa mhasibu, na vipindi vyake vinabaki ubaoni kwenye ratiba. Mwalimu kijana anayejua kompyuta anageuzwa ofisa takwimu. Mtandao ukigoma, mkuu wa shule anapanda bodaboda hadi makao makuu ya wilaya na kushinda huko. Akirudi jioni, walimu wameshaondoka.

Hali hii ina historia yake. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, ndio uliotuletea shule za kata. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na shule za sekondari zisizofika 2,000, za serikali na binafsi kwa pamoja. Kufikia mwaka 2010 zilikuwa zimevuka 4,000. Tulihesabu matofali, madawati na, kwa kuchelewa, walimu. Kuna hesabu moja ambayo haikupata nafasi jukwaani: kila shule mpya ilihitaji mkuu wake. Ndani ya miaka mitano tulihitaji zaidi ya wakuu wa shule 2,000 ambao hawakuwapo. Chuo cha kuwaandaa tunacho, ADEM pale Bagamoyo, chenye mizizi katika mradi wa MANTEP wa mwaka 1979, lakini hakingeweza kumeza idadi hiyo kwa kasi ile. Wengi walikabidhiwa barua ya uteuzi, funguo na mhuri, wakaambiwa waende.

Katikati ya mbio hizo, mwaka 2009, usimamizi wa sekondari ukahamishiwa halmashauri. Na Februari 2013 tukaamka na matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo watahiniwa sita katika kila kumi walipata daraja sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na Mei mwaka ule matokeo yakapangwa upya. Ninavyoukumbuka mjadala wa miezi ile, ulizunguka kwenye viwango vya alama, uhaba wa walimu wa sayansi, na nani ajiuzulu. Shule zilizofanya vizuri katika mazingira yaleyale mabaya hazikuulizwa sana zilikuwa na kiongozi wa namna gani.

Mkuu wa shule anapofanya kazi yake sawasawa, mgeni haoni kitu cha ajabu. Asubuhi yuko getini kabla ya kengele. Anajua walimu wangapi wameomba ruhusa na vipindi vyao vimepewa nani. Monita wa kila darasa anajaza fomu ya vipindi: mwalimu ameingia saa ngapi, amefundisha mada gani, ametoka saa ngapi. Fomu hizo zipo karibu kila shule. Tofauti iko kwa anayezisoma. Katika shule moja zinarundikana kwenye meza ya mwalimu wa taaluma hadi wathibiti ubora watakapokuja. Katika nyingine mkuu wa shule anaketi nazo Ijumaa mchana, anazilinganisha na maazimio ya kazi na shajara za masomo, na anagundua kwamba fizikia ya Kidato cha Tatu imesimama kwenye mada moja wiki ya sita sasa.

Hapo ndipo mkuu wa shule anapopimwa. Mmoja atamwita mwalimu na kumwandikia barua ya kujieleza. Mwingine ataomba kuingia darasani, akae nyuma na daftari kama mwanafunzi, amsikilize. Akitoka atamuuliza faraghani, na mara nyingi atapata jibu ambalo barua isingelitoa kamwe: mwalimu mwenyewe haielewi mada ile vizuri, hajawahi kufanya lile jaribio kwa mikono yake, anaogopa maswali ya watoto wawili wenye akili pale mbele. Mwalimu mtu mzima, mwenye shahada, hawezi kumkiria hayo bosi anayemtisha. Atamkiria mtu anayemwamini. Dawa yake ni nyepesi: mwalimu wa shule ya jirani aje Jumamosi mbili, vifaa viazimwe, mkuu wa shule mwenyewe ahudhurie. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, umejengwa juu ya wazo hilihili la walimu kukaa shuleni kwao na kujifunza wao kwa wao. Pale mkuu wa shule anapokaa nao, vikao vinaishi. Pale anapofungua kikao, anapiga picha ya kutuma kwenye kundi na kwenda zake kwenye msingi, vinakufa baada ya wiki tatu.

Kuna watafiti waliolisema hili kwa takwimu. Mwaka 2004 Kenneth Leithwood na wenzake, wakikusanya tafiti nyingi za uongozi wa shule, walifikia hitimisho kwamba katika mambo yaliyo ndani ya shule, uongozi unashika nafasi ya pili kwa kugusa ujifunzaji wa mwanafunzi, nyuma ya ufundishaji wenyewe. Miaka minne baadaye Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake waliuliza swali kali zaidi: uongozi wa namna gani hasa? Jambo lililojitokeza kuwa na nguvu kuliko mengine lilikuwa kiongozi kushiriki mwenyewe pamoja na walimu wake katika kujifunza kufundisha vizuri zaidi. Tafiti hizo hazikufanyika Kibondo wala Nanyumbu, na sipendi kuagiza majibu kutoka ng'ambo kama mitumba. Ila mwalimu yeyote wa hapa aliyewahi kufanya kazi chini ya wakuu wawili tofauti katika shule ileile atakwambia walichosema anakijua siku nyingi.

Chukua pia habari ya mwalimu mpya. Ajira zimetoka, kijana wa Dar es Salaam amepangiwa shule iliyoko kilomita arobaini kutoka barabara ya lami. Anashuka kwenye basi na begi, jua linazama. Kama hakuna aliyempokea, usiku huohuo ameshaanza kuandika barua ya uhamisho kichwani. Mkuu wa shule anayejua kazi atakuwa amemtafutia chumba, amemwombea godoro, atampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji kumsalimia, na Jumatatu hatamtwisha vipindi vyote ambavyo wakongwe wamevikwepa. Haya hayamo katika mwongozo wowote wa ubora niliowahi kuusoma. Lakini mwalimu wa hesabu aliyebaki miaka mitano shuleni ana thamani kuliko watatu waliopita kwa miezi minane minane, na wazazi wa kijiji kile wanaijua tofauti hiyo hata kama hawawezi kuiandika kwenye dodoso.

Vivyo hivyo kwa watoto wa kidato cha kwanza. Wametoka miaka saba ya kufundishwa kwa Kiswahili na wanaingia kwenye masomo ya Kiingereza. Sera imelizunguka suala hilo kwa miongo na sitalimaliza leo. Ila hata ndani ya sera hiyohiyo, mkuu wa shule ana uamuzi wake: wiki za kozi ya awali ya Kiingereza azitumie kweli, kwa mwalimu wake bora wa lugha, au azikate ili wawahi silabasi. Wapo wanaochagua njia ya tatu, ya kupigilia kibao mlangoni kinachoamuru Kiingereza pekee na kumvisha aliyeteleza kitu cha aibu shingoni. Mtoto anajifunza kunyamaza. Miaka minne ya kunyamaza darasani tunaivuna kwenye mtihani wa taifa, halafu tunaunda kamati ya kuchunguza chanzo.

Sasa fedha, maana utetezi wa kwanza wa kila mkuu wa shule ni fedha, na kwa kiasi kikubwa yuko sahihi. Tangu Januari 2016 ada imefutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa hadi cha sita. Serikali inailipa shule ya kutwa fidia ya ada ya Sh20,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na ruzuku ya Sh25,000 ambayo nusu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Chukua shule ya kutwa yenye wanafunzi 600. Fidia ni Sh12 milioni, ruzuku inayofika ni Sh7.5 milioni. Jumla Sh19.5 milioni, yaani kama Sh1.6 milioni kwa mwezi. Humo toa mlinzi, umeme, maji, karatasi za mitihani ya ndani, kemikali za maabara, nauli za vikao vya wilayani, matengenezo ya madawati, chaki. Fedha hizo zikichelewa mwezi mmoja, mlinzi anakuja kukaa mlangoni kwa mkuu wa shule mchana.

Mkuu wa shule mwenyewe anapata posho ya madaraka ya Sh250,000 kwa mwezi, iliyoanza kulipwa mwaka 2016. Ni kitu. Zamani hakikuwapo.

Kisha kuna michango. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na wakati ule ilihitajika kauli kali kwa sababu kuna shule zilikuwa zimegeuza mlango wa ofisi kuwa dirisha la malipo. Mtoto alirudishwa nyumbani kwa kukosa fedha ya ufagio. Lakini kauli ikikaa juu na ufafanuzi ukichelewa chini, anayebaki katikati ni mkuu wa shule. Wazazi katika mkutano wao wenyewe wanakubaliana kuchanga mahindi na maharage ili watoto wasishinde njaa hadi saa tisa. Mzazi mmoja asiyetaka anapiga simu wilayani. Kesho yake mkuu wa shule anaandika maelezo. Baadaye ikafafanuliwa kwamba michango ya hiari ipitie taratibu zake na walimu wasishike fedha, jambo ambalo ni la busara. Hofu, hata hivyo, ilikuwa imeshaingia. Wapo wakuu walioamua kwamba usalama wao ni kutofanya lolote, na mtoto aliyetembea kilomita nane bila kunywa uji anasinzia kipindi cha sita huku faili la mkuu wa shule likiwa safi kabisa.

Hofu hiyo inanipeleka kwenye mitihani, ambako nina ugomvi na pande zote mbili, wanaopima na wanaopimwa. Katika halmashauri nyingi mkuu wa shule hutia saini mkataba wa ufaulu. Ataahidi kufuta sifuri, atataja asilimia, na akishindwa anaweza kuvuliwa madaraka hadharani, kwenye kikao, mbele ya wenzake na wakati mwingine mbele ya kamera. Nani asingeogopa? Na mtu anayeogopa asilimia anajifunza kuzishughulikia asilimia. Anaondoa walimu wake wote wazuri kidato cha kwanza na cha pili na kuwarundika kidato cha nne. Anafungua kambi ya miezi mitatu ya kukaririsha mitihani iliyopita. Wazazi wa mtoto dhaifu anawaita na kuwashauri kwa upole kwamba labda kijana angefaa ufundi. Matokeo yanapanda. Wale wa kidato cha kwanza walioachwa bila mwalimu wa hesabu watafika kidato cha nne miaka mitatu baadaye, chini ya mkuu mwingine, ambaye ndiye atakayetia saini.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 92 ya watahiniwa walifaulu. Ni habari njema ukikumbuka tulikotoka. Lakini katika hesabu hiyo daraja la nne nalo ni kufaulu, na waliopata daraja la kwanza hadi la tatu hawakufika nusu ya watahiniwa. Mkuu wa shule aliyepewa lengo la kufuta sifuri amefanya alichoambiwa. Kumvusha mtoto kutoka sifuri hadi daraja la nne kunahitaji kambi. Kumtoa daraja la nne hadi la pili kunahitaji miaka minne ya vipindi vilivyofundishwa, na hakuna mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kulipima hilo.

NECTA ilipoacha kutangaza shule kumi bora, kuanzia matokeo ya mwaka 2022, wengi walilalamika, hasa wenye shule binafsi waliokuwa wakipata pale matangazo ya bure. Mimi niliona ni uamuzi sahihi. Orodha ile ilizifundisha shule kuchuja wanafunzi kabla ya kuwafundisha. Hata hivyo kuna kitu kimoja cha orodha zile ninachokikumbuka kwa furaha: Kisimiri, sekondari ya serikali iliyoko juu huko kwenye miteremko ya Mlima Meru wilayani Arumeru, iliyoshika nafasi ya kwanza kitaifa kidato cha sita mwaka 2016 na tena mwaka 2019, mbele ya shule zinazotoza mamilioni. Ni kweli kidato cha tano huletewa wanafunzi waliochaguliwa, na hiyo ni nusu ya maelezo. Ila shule nyingi hupokea wanafunzi waliochaguliwa na hazifiki huko. Nusu ya pili ni mpangilio wa shule, ratiba inayofuatwa, walimu wanaokaa karibu na wanafunzi wao. Mambo hayo yanaamuliwa na ofisi ya mkuu wa shule.

Sitaki kuwapamba wakuu wa shule. Wapo wasioingia darasani kwa sababu hawataki, na saruji imewapa kisingizio kizuri. Wapo wanaoufurahia mradi kuliko ratiba, kwa kuwa mradi una zabuni na ratiba haina. Wapo wanaogawa vipindi vya jioni na nafasi za kusimamia mitihani kwa marafiki zao, na ofisi ya walimu inagawanyika makambi. Yupo anayesahau kwamba Kanuni za mwaka 2002 zimeuweka mlango wa viboko mikononi mwake: hakuna mwalimu anayeruhusiwa kuchapa bila idhini yake ya maandishi, viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Katika shule ambazo kila mwalimu anatembea na fimbo, kitabu hicho ukikiomba hutakiona. Na yupo aliyepokea waraka wa mwaka 2021 unaoruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, akaufungia kabatini, akamwambia mama wa binti kwamba nafasi zimejaa.

Hawa nao waliteuliwa na mtu. Hapo ndipo pa kukaza. Kwa kawaida tunamchukua mwalimu mzuri wa darasani, au mwalimu mwenye umri mkubwa, au anayejulikana kwa ofisa elimu, na tunamkabidhi watu arobaini, watoto mia saba na akaunti ya benki. Mafunzo yakija, yanakuja baadaye, siku mbili tatu za semina kuhusu usimamizi wa fedha. Kufundisha vizuri ni sifa ya lazima kwa mkuu wa shule lakini haitoshi; mtu anaweza kuwa bingwa wa kemia na asijue kabisa kumwambia mtu mzima mwenzake kwamba kipindi chake cha leo kilikuwa kibovu, bila kumvunja.

Halafu hatuwaachi wakae. Akianza kuujua udongo wa shule, anahamishwa. Katika shule zilizobaki kwenye kumbukumbu za Watanzania, kiongozi alikaa. Mama Maria Kamm aliiongoza Weruweru, shule ya wasichana ya Kilimanjaro, kwa miaka mingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wanawake waliopita mikononi mwake walikuja kujaa katika ofisi za umma za nchi hii. Alipata muda wa kuona kosa lake la mwaka wa kwanza likimrudia mwaka wa nne, na kulirekebisha. Mkuu wa shule wa leo anayehamishwa baada ya miezi kumi na nane hajawahi kuona matunda ya uamuzi wake wowote, mazuri wala mabaya.

Basi nini kifanyike? Naanza na ujenzi, kwa sababu ndio unaokula muda mwingi na ndio rahisi kuuondoa. Fosi akaunti ibaki, fedha zibaki karibu na wananchi, lakini halmashauri iteue msimamizi wa ujenzi wa kata au tarafa, fundi sanifu anayelipwa kwa kazi hiyo, na mkuu wa shule abaki mjumbe wa kamati. Mhasibu mmoja anaweza kuhudumia shule tatu za jirani kwa zamu. Nimesikia jibu kwamba bajeti haitoshi. Lakini kazi ya mhasibu na msimamizi tunailipia hata sasa, kwa mshahara wa mwalimu mwenye shahada na uzoefu, na tunailipia mara ya pili kwa vipindi visivyofundishwa.

Mkataba wa ufaulu nao ubadilishwe. Mkuu wa shule aulizwe mambo aliyo na uwezo nayo: asilimia ngapi ya vipindi vilivyo kwenye ratiba vilifundishwa, ameingia madarasa mangapi muhula huu na aliwaambia nini walimu, wanafunzi wangapi walioanza naye kidato cha kwanza bado wapo. Swali hilo la mwisho lingewaumiza wanaosukuma watoto nje ili kupamba asilimia. Wathibiti ubora wanaweza kuyapima haya wakipewa gari na mafuta. Na anayeshindwa aondolewe, kwa barua na kwa utaratibu wa Tume ya Utumishi wa Walimu, si kwa kipaza sauti.

Haraka ipo. Chini ya sera mpya ya elimu, shule ya msingi inakuwa ya miaka sita. Mwishoni mwa mwaka 2027 watamaliza kwa pamoja watoto wa darasa la sita wa mtaala mpya na wale wa darasa la saba wa mtaala wa zamani, na Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili kwa mpigo, kukiwa na mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Majengo yatapatikana, kujenga tumeshajifunza. Wakuu wa shule watakaohitajika wakati huo, leo ni walimu wa taaluma, makamu na wakuu wa idara katika shule tulizonazo, na wanaweza kutambuliwa sasa, wakapelekwa ADEM kwa zamu, wakakaa muhula mzima chini ya mkuu mzoefu kabla ya kupewa funguo. Bajeti ya TAMISEMI inapofika bungeni, wabunge huuliza kuhusu vyumba vya madarasa vya majimboni mwao, na waendelee kuuliza. Waongeze na hili: kati ya wakuu wa shule walioteuliwa mwaka uliopita katika jimbo lako, wangapi waliandaliwa kabla ya kukabidhiwa ofisi?